Kabla Okoth Hajaiwasha

Vumbi likiungua juu ya chuma lina harufu yake. Nikiinusa popote, kwa fundi wa simu au kwenye pasi iliyokaa kabatini muda mrefu, narudi mtaa wa Kaloleni, Kisumu, kwenye sebule ya Mama. Kona ambayo kwa watu wengine ilikaa televisheni, kwetu ilikaa kompyuta. Ilikuwa ya rangi ya ugali wa jana, na Mama alikuwa ameifumia vitambaa viwili vyeupe, kimoja cha skrini na kimoja cha sanduku lake, maana kwake kitu chochote cha stima kisichovikwa kitambaa kiko uchi. Nasimulia haya kwa watu wa rika langu, waliowahi kupuliza diski ndiyo isome. Watoto wangu nikiwasimulia wananionea huruma.

Mwezi uliopita Mama aliamua kurudi nyumbani Nyakach, akaiachilia nyumba ya Kaloleni aliyoishi tangu nikiwa tumboni. Kaka yangu Okoth alitoka Nairobi, mimi nikatoka Nakuru, tukaja kumfungia vyombo. Mama alikaa kwenye kiti mlangoni akitoa amri. Chini ya kitanda chake nikavuta lile kopo la biskuti ambalo halijawahi kuwa na biskuti tangu nilijue. Lilijaa nyuzi, sindano na vifungo vya watu waliokwisha sahau mashati yao. Chini kabisa kidole changu kikagusa kitu chembamba chenye meno, nikakijua kabla ya kukiona. Kilikuwa kijiti cha memori ya kompyuta, cha kijani, urefu wa kiganja, chenye chipu nyeusi nane zilizopangwa kama wanafunzi paredi. Niliketi sakafuni. Kwa wiki kadhaa za utoto wangu niliamini kwamba kitu hiki kinamuua Okoth, na kwamba mimi ndiye niliyekiruhusu.

Kompyuta yenyewe ilitoka ofisini kwa Baba. Walipoletewa mpya, zile kuukuu zikapigiwa kura, na Baba akaokota karatasi ya ile ambayo hakuna aliyeitaka. Ilikuja kwa mkokoteni, imefunikwa gunia, na watoto wa mtaa wakaisindikiza mpaka mlangoni wakidhani ni televisheni. Baba alisema ni ya kuandikia barua. Aliandika barua moja, mashine ikaimeza, naye akarudi kwenye kalamu yake bila kinyongo. Tangu hapo mashine ikawa ya Okoth, na Okoth akaifanya ya gemu.

Alikuwa kidato cha pili, mimi darasa la nne. Sijui alijifunzia wapi, maana hakuna aliyemfundisha. Feni ya ndani ilipoanza kulia kama paka, aliitia tone la mafuta ya cherehani ya Mama ikanyamaza. Kitufe kimoja cha kibodi kilipopotea, aliweka kifuniko cha kalamu mahali pake. Waya wa skrini ulikuwa haushiki mpaka uegemezwe na kiberiti, tena kiberiti kilichojaa, kitupu kilikuwa chepesi mno. Mama akitafuta kiberiti apike, giza linaingia kwenye skrini na Okoth anaomboleza.

Gemu aliyoipenda ilikuwa ya magari ya mashindano, kwenye diski tatu alizoazima kwa mwenzake wa shule. Taabu ni kwamba mashine yetu ilikuwa mzee. Gari lilikimbia vizuri mahali palipo wazi, lakini likifika kona picha ilikwama, mashine ikawaza, na ilipomaliza kuwaza gari lilikuwa tayari liko kichakani. Okoth alinieleza kwamba kompyuta ina meza yake ya kufanyia kazi, na meza hiyo ndiyo memori. "Yetu iko na stuli," akasema. "Sasa wewe jaribu kupanga sahani zote za Mama kwa stuli." Kila ilipowashwa, mashine ilihesabu memori yake kwa sauti, tik tik tik, nambari zikipanda kwenye kona ya skrini, na sisi tulihesabu nayo. Ziliishia elfu nne na kidogo, kila siku. Okoth alizitazama kama mtu anayetazama sufuria ya ugali akijua hautatosha.

Kununua memori mpya hakukuwa jambo la kufikiria. Karo ya Okoth ilikuwa imetukaba sote. Lakini kule soko la Kibuye kulikuwa na fundi wa redio, Fundi Olwal, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya. Kwenye ukuta wa kibanda chake kulikuwa na kompyuta iliyokufa, mdomo wazi, matumbo nje. Likizo yote Okoth alikuwa huko. Aliniambia anamsaidia fundi kusafisha redio, na fundi akiridhika atampa kile kijiti kilichobaki kizima ndani ya ile maiti. Mimi nikaamini. Nilikuwa naamini kila alichosema Okoth, hata kwamba mabata yanaelewa Kiingereza.

Hapa lazima nieleze habari ya kutangulia, la sivyo hamtanielewa.

Okoth ni kifungua mimba wa nyumba yetu. Kwa Kijaluo mtoto huyo anaitwa kayo, na ukayo si jina tu, ni zamu. Kule Nyakach kwa bibi yetu, ambaye tulimwita Dani, hakuna aliyepanda kabla ya anayemtangulia. Babu alikuwa na wake wawili, na Dani alikuwa wa pili. Mke wa kwanza, Mikayi, ndiye aliyetia mbegu ya kwanza ardhini, kisha Dani, kisha wana kwa kufuatana kwao. Nakumbuka asubuhi moja mawingu yamekaa juu ya kichwa, jirani zetu wote wameinama shambani, na Dani amesimama na jembe mkononi akimngoja Mikayi, ambaye goti lilikuwa linamuuma siku hiyo. Mvua ilianza kudondoka. Dani hakusogea hata hatua. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anayeruka zamu huleta chira. Chira ndiyo laana ya aliyevunja mwiko: inamwingia yeye au mtu wake, anakonda, anakonda, mpaka anakwisha.

Nami nilikuwa nimeshamwona mtu akikwisha. Baba yetu mdogo, Ouma, mwana wa mwisho wa Dani, alikuwa akinunua samaki ufukweni Dunga na kuwapeleka kwa lori. Mtu mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Akaanza kukonda. Alirudi nyumbani kwa Dani, shingo imekuwa kama ya mtoto, na watu wazima walipomtaja waliteremsha sauti. Neno nililoliokota kwenye minong'ono yao lilikuwa chira. Sasa najua ugonjwa ule uliitwaje hospitalini. Miaka ile uliingia kwenye maboma mengi ya huku ziwani, na watu wakaupa jina walilokuwa nalo. Lakini mtoto wa miaka minane hupewa neno moja na shingo moja, anaviunganisha mwenyewe. Ouma alipofariki aliacha kuku wake, na Dani akawatunza kwa wivu. Hakuuza hata mmoja, wala hakuchinja.

Mwanzoni mwa likizo hiyo ninayoisimulia, Dani alikuja mjini na kuku jike mmoja wa kahawia ndani ya kikapu. Akamkabidhi Okoth. "Huyu ni wa baba yako mdogo," akamwambia. "Atawatagia mayai. Wewe ndio mkubwa, umtunze." Tulimfunga kamba nyuma ya nyumba. Wiki ya mwisho ya likizo akatoweka. Okoth alisema ni mbwa wa jirani, akaonyesha kamba iliyokatika. Mama alisikitika, akasema Dani asiambiwe kwanza.

Kijiti cha memori kilifika nyumbani siku mbili baadaye, kimefungwa kwenye gazeti. Na kama ilivyo ada ya Kisumu, stima ikapotea siku hiyo hiyo. Okoth alingoja kutwa. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kurudi shule ya bweni, upande wa Maseno, na stima bado. Alifungua sanduku la mashine hivyo hivyo, sare mwilini, akakiingiza kijiti kwa pembe, akakisimamisha, vibanio vikalia tak. Baba alikuwa nje anamwita, sanduku la bati liko begani. Okoth akafunika mashine, akatandaza kitambaa cha Mama juu yake, akanigeukia.

"Akinyi. Hii kitu mtu asiwashe mpaka nirudi half-term."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mimi ndio kayo. Ukitangulia mbele yangu," akapunguza sauti akatoa macho kama Dani, "ni chira."

Akacheka, akanipiga kibao kidogo cha kichwani, akaenda. Kwake ulikuwa mzaha. Mimi sikuucheka.

Nilivumilia wiki mbili, na ninataka sifa kwa hizo wiki mbili. Kila nikitoka shule ile mashine ilikuwa imekaa kwenye kona chini ya kitambaa chake, nami najua ndani yake kuna meza kubwa ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Siku moja mchana Mama alikuwa sokoni Jubilee kwenye cherehani yake, Baba kazini, stima ipo, na mvua inanyesha juu ya mabati kwa kelele ya kumfunika mtu. Nikaenda nikainua kitambaa. Nilijiambia nataka tu kusikia ikihesabu.

Ikaanza. Tik tik tik. Elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Elfu nne, mahali pale ambapo siku zote ilisimama, ikapita. Nilisimama kwa miguu miwili juu ya kiti. Elfu tano, sita, saba, elfu nane na kidogo. Halafu mashine ikalia mlio mmoja mkali ambao sikuwahi kuusikia, na kwenye skrini pakatokea maneno. Nikayasoma kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, polepole, kwa kidole. Yalisema memori si ile ile ya zamani. Yalisema anayetaka kuendelea abonyeze kitufe fulani.

Mtu mwenye akili angezima pale. Mimi nilibonyeza.

Nikacheza. Gari lilipita kona ya kwanza bila kukwama, likapita ya pili, likapanda kilima chote na miti ikikimbia pembeni kama kweli. Nilikuwa naimba peke yangu. Sitawaficha, ilikuwa raha tupu. Nilipozima, sanduku lilikuwa la moto na nyumba inanuka vumbi lililoungua. Nikafungua dirisha, nikapepea kwa daftari la hesabu, nikarudisha kitambaa mpaka pindo zikalingana, na Mama aliporudi alinikuta nasoma kwa bidii iliyomtia wasiwasi.

Haikupita wiki, Baba akapelekewa habari ofisini kwamba Okoth anaumwa. Alikwenda kumchukua, na hakurudi naye nyumbani, alimpeleka hospitali moja kwa moja. Wakati ule watoto hatukuruhusiwa wodini. Mama alikwenda na kurudi na chupa ya uji, na alipoulizwa na majirani alisema, "Daktari anasema ni taifodi." Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa amechoka. Mimi nilijua sauti hiyo. Ndiyo iliyotumika kwa Baba Mdogo Ouma. Nikahitimisha kwamba taifodi ni neno la kuficha watoto.

Sikula. Nilikuwa nimeulizwa na mashine yenyewe kama nakubali, kwa maandishi, na nikakubali. Hilo ndilo lililonitafuna. Ningeweza kusema sikujua, lakini nilikuwa nimesoma neno kwa neno.

Siku nyumba ilipokuwa tupu nilichukua kisu cha jikoni, nikafungua sanduku la mashine kama nilivyomwona Okoth akifungua, nikavisukuma vibanio, nikakitoa kijiti. Nikajikata kidole. Nilidhani nikikitoa, kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Nikakificha kwenye kopo la nyuzi, chini ya vifungo, nikapiga magoti nikamwomba Mungu aone nimekitoa.

Okoth aliletwa nyumbani baada ya siku chache. Baba alimshika mkono kumwingiza mlangoni. Amenyolewa kipara, masikio yamekuwa makubwa, na ile shingo. Ilikuwa shingo ya Ouma. Alinitabasamia akasema, "Akinyi, umeniwekea chapati?" Nilikimbia nikaenda kusimama nyuma ya choo, nikalia nikiuma pindo la sketi yangu.

Dani alikuja kutoka Nyakach kumuuguza mjukuu wake. Alikuta hakuna kuku, akaambiwa habari ya mbwa wa jirani, akaitazama ile kamba kwa muda, akairudisha ukutani. Kila siku alikaa kwenye mkeka karibu na kochi ambalo Okoth alilazwa, akichambua omena au kunde, akimwimbia nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani.

Siku ya tatu au ya nne Okoth akapata nguvu ya kuketi, akaomba kompyuta. Mama hakuwapo. Dani hakuona ubaya. Okoth alijikokota mpaka kwenye kona, akaegemeza kiberiti, akaiwasha, akaniita nije tuhesabu. Sikwenda. Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Tik tik tik, elfu mbili, elfu tatu, elfu nne na kidogo. Ikasimama, ikalia ule mlio wake.

Okoth alikunja uso. Alizima, akafungua sanduku, akachungulia ndani. Kisha akanitazama, si kwa hasira, alikuwa ameshangaa tu.

"Iko wapi?"

Maneno yakanitoka yote kwa mpigo mmoja, kama maji ya karai lililopinduliwa. Kwamba niliiwasha. Kwamba ilihesabu mpaka elfu nane. Kwamba iliniuliza nikakubali. Kwamba nilitangulia mbele yake na yeye ndiye kayo, na sasa anakonda kama Baba Mdogo, na nimekitoa lakini bado anakonda, na sijui nifanye nini ili asife.

Nilitarajia acheke. Uso wake ulianza kama wa mtu anayetaka kucheka, halafu ukabadilika. Akakaa chini taratibu kwenye kiti, akamtazama Dani. Dani alikuwa ameacha omena. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya ungo, imetulia.

"Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha?" akaniuliza.

"Ndiyo, Dani."

"Mvua ikija, mkono ni mgumu kungoja," akasema. Nilidhani hajaelewa kwamba nazungumza juu ya kompyuta.

Okoth akamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha hata kidogo, "Dani, mtu akitangulia, inatengenezwa aje?"

Dani alifikiri. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha chama cha akina mama, na dawa za chira, zile ziitwazo manyasi, alizikataa siku aliyobatizwa. Lakini alinyanyuka, akatoka, akarudi na majani ya mwarubaini aliyoyachuma kwenye ua wa jirani, akayachemsha jikoni mpaka nyumba nzima ikanuka uchungu. Akatuambia mbegu iliyopandwa kabla ya zamu hung'olewa, na mwenye zamu huipanda upya kwa mkono wake. "Wewe umeshang'oa," akaniambia. "Hiyo ni nusu. Mpe."

Nikaleta kopo. Okoth alikipokea kijiti, akakipangusa kwa shati lake, akakiingiza kwa pembe, akakisimamisha. Vidole vilikuwa vyembamba, havina nguvu, alirudia mara tatu kabla ya vibanio kulia tak. Dani akamimina ile dawa kwenye kikombe kimoja cha bati. Akafumba macho akaiombea kwa Kijaluo, maombi marefu, majina mengi, jina la Ouma likiwamo. Kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili mimi nisipoteze hata neno:

"Kila mtu anywe kwa lake."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Alikunywa funda kubwa, akafuta mdomo. Akampa Okoth, naye akanywa amefumba macho, kwa pupa, kama mtu aliyetoka jangwani. Nikapewa mimi wa mwisho. Uchungu ule bado naujua kwenye ulimi.

"Sasa," Dani akasema, "mwenye zamu awashe."

Okoth akabonyeza. Tulihesabu wote watatu, Dani akihesabu kwa Kijaluo na kubaki nyuma. Ikapita elfu nne. Ikafika elfu nane na kidogo, ikalia, yale maneno yakatokea: memori si ile ya zamani, abonyeze anayekubali. Okoth akanitazama, akabonyeza yeye. Nilikaa sakafuni nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, goti lote mfupa, na nikalala usingizi pale pale saa tisa mchana. Wiki mbili baadaye alikuwa ameanza kunenepa na kunidhulumu zamu za kucheza. Na mimi nikakua nikijua kwamba nina kaka aliyekunywa mwarubaini kwa ajili yangu, kijana wa sayansi asiyeamini mambo hayo, alikunywa tu ili dada yake mdogo alale.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwezi uliopita, tukiwa sakafuni kati ya maboksi, kijiti kiganjani mwangu. Sikuwahi kumshukuru. Nikamshukuru.

Okoth sasa ana kitambi na mvi. Alikichukua kijiti akakigeuza geuza.

"Akinyi, mimi sikunywa kwa sababu yako."

"Ulikunywa kwa nini?"

"Ile kuku haikuliwa na mbwa." Akakiinua kijiti. "Nilimpelekea Olwal. Ndio bei ya hii kitu. Hakuna redio nilisafisha. Kuku ya marehemu, Akinyi, Dani alinipatia kwa mkono wake nitunze, na mimi nikaibadilisha na gemu. Nikiwa nimelazwa sick bay huko shule, kila usiku nilikuwa namwona Baba Mdogo. Nilijua amekuja kuniuliza kuku yake. Wewe ukaanza kulia ati ni wewe, na mimi nikashindwa kusema ni mimi. Nilikunywa kwa sababu niliogopa."

Nilimtazama mtu huyu niliyemjua maisha yangu yote. Kumbe tulikuwa tumekaa sebule moja, kila mmoja ana chira yake. Nilianza kucheka, naye akaanza, tukacheka mpaka machozi, na kwangu hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Dani alijua," Mama akasema kutoka mlangoni. Tulikuwa tumesahau yupo. "Kamba iliyokatwa na kisu na ile imekatwa na meno, mtu wa kuku hawezi kujua?"

"Na hakusema?" Okoth akauliza.

"Angesema nini. Yeye pia alikuwa na lake." Mama alinyoosha kitambaa juu ya magoti yake. "Mwaka Ouma alianza kuugua, mvua ilikuja mapema. Mikayi alikuwa amelazwa hospitali Sondu, na Dani aliona mbegu itaharibika. Akapanda mbele yake. Kishamba kidogo tu, nyuma ya nyumba. Ouma akaanza kukonda mwezi huo huo. Daktari alimweleza, pasta akamweleza, hata Mikayi mwenyewe alimwambia si wewe. Alikubali kwa mdomo. Mpaka anaingia kaburini alijua ni yeye aliua mtoto wake."

Nilikuwa namwona Dani asubuhi ile, amesimama na jembe, mvua inamwangukia na hasogei. Niliiona mikono yake imetulia juu ya ungo wa omena. Nilikuwa nimemwambia usoni, mtoto wa miaka tisa, kwamba nilitangulia na sasa mtu anakonda, na yeye akaniuliza kama mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa amenielewa kuliko mtu yeyote. Nilitamani arudi hata kwa dakika moja nimshike ile mikono, nimwambie si wewe, Dani, hata kama asingeniamini.

Okoth alifuta uso kwa mkono wa shati. Akarudisha kijiti ndani ya kopo, chini ya vifungo, akalifunga, akaliweka kwenye boksi la vitu vinavyokwenda Nyakach. Kisha akachukua birika lililobaki nje kwa ajili yetu, akamimina chai kwenye kikombe cha kwanza. Mimi nikaondoa mkono, maana kwetu cha kwanza ni cha mama, na cha pili ni cha kayo. Mama akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwangu. Okoth akanisogezea.

"Leo tangulia wewe," akasema.

Nikanywa.